Sahani Mlangoni kwa Baba Mkwe

Sisi watu wa Ikuti tuna maneno mengi, na mimi Mama Lugano ni wa kwanza, sikatai. Lakini siku hizi mtu akimsema Mwalimu Atupakisye mbele yangu namwambia afunge mdomo, au atoke nje tumalizane. Wanasema ameharibu mila. Wanasema tangu mumewe afe hana haya tena. Hao wanaosema walikuwa wapi? Nitasimulia mwenyewe, maana nilikuwepo, na mengine niliyaona kwa jicho langu hili ambalo halikutakiwa kuyaona.

Mimi nafundisha darasa la pili. Atupakisye anafundisha la awali, wale wadogo wanaokuja shuleni na kamasi, sweta limefungwa vifungo upande. Madarasa yetu yametenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo ya kwake nayasikia kuliko ya kwangu. Alizaliwa Lupepo, akaja kuolewa hapa na Hezron. Baba yake Hezron na baba yake Wilson, mume wangu, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Basi sisi wawili ni wakamwana wa ukoo mmoja, na nyumba zetu zinatazamana katikati ya migomba.

Ukiwauliza watoto wenyewe, shule yetu ina watoto wa aina mbili. Kuna wa hapa, ambao kwao wana migomba na ng'ombe mmoja wawili. Na kuna wa kambini, ambao wazazi wao wanachuma chai au wako kiwandani, wametoka Makete, Njombe, Ileje, huko kote. Wa hapa wakikasirika wanamwambia mwenzao "wa kambini wewe", na usione ni neno dogo. Nimeona mtoto analizwa nalo mpaka anakataa uji.

Atupakisye ndiye aliyelifuta neno hilo darasani kwake, na hakulifuta kwa fimbo. Kila asubuhi alimsimamisha mtoto mmoja awaamkie wenzake kwa lugha ya nyumbani kwao, na darasa zima linajifunza kuitikia. Leo Kinyakyusa, kesho Kikinga, kesho kutwa Kibena. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Simon, alinung'unika kwamba shuleni ni Kiswahili tu. Atupakisye akamwambia, "Mwalimu, Kiswahili watakijua tu, hata redio itawafundisha. Hiki cha jirani yao nani atawafundisha?" Mwalimu Simon akaondoka anakuna shingo. Na mtoto akishaamkia, Atupakisye alikuwa anapiga makofi na kucheka kile kicheko chake kikubwa, mpaka mimi upande wa pili naacha hesabu zangu nasikiliza. Alikuwa mtu wa raha yule. Akiingia ofisini hata chai ilikuwa inanoga.

Hiyo ilikuwa kabla ya kifo cha Hezron.

Hezron alikuwa mtu wa bodaboda. Siku moja mvua inanyesha, kama inavyonyesha kwetu bila kuchoka, akateleza kwenye tope njia ya Kisondela, akaangukia mawe. Walimleta amefunikwa. Msiba wetu sisi unajulikana, tunalia mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia. Atupakisye hakulia. Alikaa kwenye mkeka kama gunia la mahindi, wanawake tunamzunguka tunapaza sauti, yeye anatazama mlango. Minong'ono ikaanza palepale. Nilimpiga kiwiko mmoja wao, sitamtaja.

Baadaye nilimwuliza, "Atu, mdogo wangu, mbona hulii?"

Akasema, "Sisikii kitu, Mama Lugano. Unajua jino likichomwa sindano kabla ya kung'olewa? Unaligusa, unajua lipo, lakini si lako. Ndivyo nilivyo mwili mzima."

Akarudi kazini na hiyo ganzi yake. Salamu za asubuhi hakuacha. Mtoto anasimama, anaamkia, wenzake wanaitikia, na yeye anasema "vizuri, kaa," kwa sauti ileile ya kusema "fungeni mlango." Makofi hakuna, kicheko hakuna. Watoto wakawa wanamtazama usoni kama watu wanaosubiri moto ushike. Mimi nami nilikuwa nasubiri. Iliniuma sana, nasema ukweli, na ilinitia hasira pia, maana sikuwa na la kumfanyia.

Sasa sikiliza. Hazikupita siku nyingi baada ya kuzika, baba yake Hezron akaanguka bafuni. Upande mmoja wote ukapooza, mkono na mguu, mdomo ukaenda pembeni, akili ikawa inaenda na kurudi. Jina lake ni Mzee Anyelwisye. Mimi ni mkamwana, sipaswi kulitaja, nalitaja hapa kwa sababu nawasimulia ninyi msiomjua. Mungu anisamehe.

Hapo ndipo pana jambo lenyewe. Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Mgeni akiona anadhani ni ugomvi, kumbe ni heshima. Mkwe akipita njiani, wewe unaingia migombani na kujifunika kanga. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, hampeani kitu mkononi. Najua vijana wa mjini Tukuyu siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Shauri yao. Mzee huyu alikuwa wa kale. Akitaka kupita mbele ya nyumba ya Hezron alikuwa anakohoa tangu kule kwenye zizi, ili mkamwana wake apate nafasi ya kujificha. Hakuwa na kifua, alikuwa na adabu. Miaka yote ya ndoa ile, yeye na Atupakisye hawakuwahi kusemezana hata neno moja, na walipendana. Ndiyo, walipendana. Mzee akichinja, kipande kizuri kilikuwa kinapelekwa kwa mkamwana.

Mke wa mzee alishafariki zamani. Binti yake, Tulia, yuko kwa mumewe Kyela na alikuwa amejifungua juzi tu. Mtoto wa mwisho, Emmanuel, yuko Dar es Salaam, na kila akipigiwa simu anasema, "Nakuja, nakuja, nipeni mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi upi, hasemi. Aliyebaki pale nyumbani ni Atupakisye, na Atupakisye ndiye mtu mmoja asiyeweza kuingia.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kulikuwa na Mzee Danieli, rika la mgonjwa, wale waliokua pamoja na kula sahani moja tangu ujana wao. Atupakisye alikuwa anapika ndizi, anaziponda na maziwa ziwe laini, anaweka sahani kwenye kigoda mlangoni kwa mkwe, anagonga kijiko kwenye sahani, anaondoka. Mzee Danieli anatoka ndani anaichukua, anamlisha mwenzake polepole huku wakisimulia mambo ya ujana. Ukipita unawasikia wanacheka, mmoja kwa mdomo mzima, mmoja kwa nusu.

Kisha mguu wa Mzee Danieli ukavimba, wanawe wakampeleka Mbeya hospitali, na hakurudi haraka.

Siku ile Atupakisye aliweka sahani mlangoni, akagonga kijiko, akaenda. Jioni alipofuata vyombo alikuta ndizi zimejaa vilevile, kuku wamedonoadonoa pembeni. Ndani mzee anakoroma.

Jamani, usidhani hatukuhangaika. Mimi nami ni mkamwana, siwezi kuingia, na wanawake karibu wote wa pale ni wakamwana, tumeolewa na watoto wa ukoo. Nilimsukuma Wilson aende. Wilson wangu ni mtu mwema, lakini alimlisha mzee kama anayejaza gunia, mzee akapaliwa, macho yakamtoka, Wilson akakimbia mpaka nyumbani. Akawa anakwenda kumsafisha tu asubuhi na kumpa maji kidogo. Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba, wakasema watapanga zamu za kulisha. Mpaka leo wanapanga. Mganga wa zahanati akaja kumpima, akatoka nje akanawa mikono, akatuambia wazi, "Ugonjwa huu hautamwua sasa. Njaa ndiyo itamwua."

Nilimtazama Atupakisye. Alikuwa amesimama anashikilia sahani tupu.

"Tufanyeje?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. Hivyo tu. Sauti ya kufunga mlango.

Nilimkasirikia, acha niseme. Nilitaka apige kelele, alaani, amtukane Emmanuel kwenye simu. Mimi nilimtukana kwa niaba yake. Yeye akaenda kuosha sahani.

Kesho yake darasa la awali walikuwa na somo la familia. Somo hili hulifundisha kwa kuigiza. Wanaweka viti kuwa nyumba, kanga chakavu anajifunga atakayekuwa mama, fimbo anashika babu, halafu kila kikundi kinaonyesha nyumbani kwao watu wanavyoishi. Mimi darasa langu nililipa kazi ya kunakili, nikasogeza kiti karibu na mbao. Kuna tundu pale, msiniulize nani alilitoboa.

Babu alikuwa Lusungu, mtoto mmoja mwenye kichwa kikubwa na maneno makubwa zaidi, babu kamili. Kikundi cha kwanza kilikuwa cha watoto wa hapa. Lusungu akaja na fimbo yake, akakohoa, na yule msichana aliyekuwa mama akajifunika kanga na kukimbilia nyuma ya mlango. Watoto wakashangilia. Ndivyo nyumba zao zilivyo, hakuna wa kuwafundisha.

Kikaja kikundi cha pili. Mama alikuwa Jenifer, mtoto wa Venance wa kiwandani, watu wa Njombe, wamekuja mwaka huu huu. Lusungu akakohoa. Jenifer hakukimbia. Alipiga magoti, akachukua kikombe cha uji kitupu, akajifanya anamnawisha babu mikono, akamfuta kwa ncha ya kanga. Kisha akachukua kijiko cha hewa akampelekea mdomoni. "Babu, fumbua," akasema.

Aisee! Darasa lililipuka.

"Anamlisha mkwe!"

"Mwalimu, hana adabu!"

"Wa kambini ndivyo walivyo!"

Neno lile likarudi mle ndani kama halijawahi kutoka. Lusungu mwenyewe alitupa fimbo na kurudi nyuma kama kaguswa na moto. Jenifer alibaki amepiga magoti, kijiko chake cha hewa kikiwa juu, hajui kosa lake. Midomo ikaanza kumcheza.

Nikamtazama Atupakisye kupitia tundu langu. Alikuwa amesimama karibu na ubao, mikono imelegea. Nikasema moyoni, sema mwanamke! Kama husemi nakuja mimi. Watoto wakaendelea kupiga kelele mpaka wakachoka wenyewe, na alipoanza kusema ilikuwa ni kwa ile sauti yake kavu, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

"Lusungu. Kwenu mama anamkimbia babu. Kwa nini?"

"Anamheshimu, Mwalimu."

"Hamchukii?"

"Aa, hamchukii! Anampikia."

"Jenifer. Kwenu mama anamlisha babu. Kwa nini?"

Jenifer alikuwa analia sasa. Akajibu katikati ya kwikwi, "Babu mkono wake unatetemeka. Chakula kinamwagika."

Atupakisye akasema, "Mama wa Lusungu anamheshimu babu kwa kujificha. Mama wa Jenifer anamheshimu kwa kumlisha. Lusungu akienda Njombe akajificha, watasema ana kiburi, anakataa kumhudumia mzee. Watakuwa wamekosea. Na nyie leo mmemkosea Jenifer. Neno mlilomwita sitaki kulisikia. Lusungu, okota fimbo, mpe pole mwenzako."

Lusungu akaokota, akampa pole, maana ni mtoto mzuri ukiondoa mdomo. Lakini mdomo ule haukumaliza. Akauliza, kwa kutaka kujua tu, hana ubaya:

"Mwalimu, na babu Anyelwisye mkono wake umekufa. Nani anamlisha?"

Watoto wa kijiji wanajua kila kitu. Mimi nilishika mbao kwa mikono miwili.

Atupakisye alichukua kengele dirishani, akagonga muda wa uji, na muda wenyewe ulikuwa bado.

Tukarudi nyumbani pamoja mchana ule, yeye mbele mimi nyuma, njia ya migombani inateleza. Niliongea peke yangu njia nzima, ya mvua, ya Mwalimu Simon, ya nini sijui. Kufika kwake akawasha moto, akamenya ndizi, akazichemsha, akazisaga na maziwa mpaka hazina hata donge. Akamimina kwenye sahani. Akajifunga kanga kichwani, akaivuta mpaka ikafunika uso nusu. Akatoka kuelekea kwa mkwe.

Nikadhani anakwenda kuweka sahani mlangoni kama kawaida. Alifika kwenye kigoda, akagonga kijiko. Ndani kimya. Akagonga tena. Kisha akakohoa. Alikohoa kile kikohozi cha mzee mwenyewe, kirefu, cha kumpa mtu nafasi ya kujificha.

"Atu," nikamwita. "Watu watakusema."

"Waseme," akajibu, akainama akaingia.

Mimi nikabaki nje ya mlango. Nilijifunika kanga, nikageuza mgongo kama inavyotakiwa, nikahesabu kwamba nimetimiza adabu yangu, kisha nikageuza shingo nikachungulia kwa jicho moja. Semeni mnavyotaka.

Mzee alikuwa amelala chali, amekonda, shingo imebaki mishipa. Alimwona mkamwana wake anaingia, na akaanza kuhangaika. Nilidhani atamfukuza. Kumbe alikuwa anataka kugeukia ukutani ili wasitazamane, na mwili unakataa. Alijaribu, akajaribu, ule upande mzima unavuta, ule uliokufa haufuati. Atupakisye akasimama palepale katikati ya chumba, ameinamisha uso, anamngoja amalize. Hakumsogelea. Mwisho mzee akashindwa. Akanyanyua mkono wake mzima, akavuta blanketi polepole mpaka likamfunika macho. Akabaki pua na mdomo.

Halafu akafumbua mdomo.

Hapo ndipo Atupakisye akapiga magoti. Naye alikuwa hamtazami, ametazama kijiko tu. Akachota kidogo, akampa. Akangoja ameze. Akachota tena. Mimi kule nje machozi yalikuwa yananitoka kama mtoto, nafuta na kanga ileile ya adabu. Yeye mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, uso mkavu, kama ninavyomwona kila siku ubaoni.

Sahani ilipofika nusu, mzee akasema kitu. Sauti ilikuwa nzito, inatoka pembeni ya mdomo, na kwanza sikuisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kusema na mkamwana wake tangu aolewe na mwanawe. Akarudia.

"Hezron ameshakula?"

Kijiko kikasimama njiani. Nilitaka kuingia, mkamwana au si mkamwana, nimjibu mimi, nimwambie chochote.

"Ameshakula, baba," akasema Atupakisye.

"Ndaga," mzee akasema chini ya blanketi. Asante.

Na hapo mdogo wangu akalia. Alilia ule msiba wake wote tuliomsubiria kwenye mkeka, kwa sauti, mpaka kuku wakatawanyika uani na majirani wakatoka kwenye milango yao kuuliza nani amekufa. Mzee hakuondoa blanketi. Alimngoja pale, macho yamefunikwa, kinywa wazi. Atupakisye akajifuta uso kwa kanga, akachota tena.